Kwenda Namugongo kwa Miguu: Kwanza Jifunze Kusimama

Kila mwaka ikifika Machi, simu yangu huanza kuita. Watu wamesikia kwamba nimetembea kwa hija kutoka mpaka wa Busia hadi Namugongo, Uganda, mara nne, na swali lao huwa lilelile: "Dada, nikianza mazoezi sasa nitaweza?" Nami huwarudishia swali. Je, unajua kusimama? Wengi hucheka, wakidhani natania.

Katika safari mbili za mwisho nilipewa kazi ya mkiani. Nilitembea nyuma ya watu wote nikiwa na jaketi la kuakisi mwanga na mfuko wa dawa, asije mtu akaachwa. Aliye mkiani ndiye anayewaona wanaoshindwa, na niliowaona mimi kwa kawaida hawakuwa wazee wala wanene. Walikuwa vijana wenye nguvu, waliotoka mpakani kwa mwendo wa mtu anayekimbilia basi, wakaona haya kusimama kiatu kilipoanza kuchoma, na siku ya tatu wakaketi kando ya barabara huku wamekumbatia miguu yao. Bibi wa miaka sitini na kitu, mwenye fimbo na leso mbili kiunoni, aliwapita akiwa katika fumbo la nne la rozari. Hata hakugeuka.

Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilikuwa mmoja wa vijana hao. Nilinunua raba mpya wiki moja kabla ya kuondoka, nyeupe, nzuri za kupigia picha. Kufika Bugiri kisigino cha kushoto kilikuwa kinawaka. Nikapiga moyo konde. Kufika Iganga lengelenge lilikuwa kubwa kama shilingi ishirini, limepasuka, soksi imeganda juu yake. Mwuguzi wa kundi letu alinitazama, akatazama raba, akasema neno moja tu: "Garini." Nilipanda pikapu iliyobeba masufuria na mablanketi, nikafika Jinja nimeketi juu ya gunia la unga. Tangu hapo sina kiburi na miguu yangu.

Kwa yule ambaye hajapata kwenda, hija hii ni ya kuwakumbuka mashahidi wa Uganda, vijana na watu wazima waliouawa kati ya 1885 na 1887 chini ya Kabaka Mwanga wa Pili. Wakatoliki ni 22, Waanglikana 23. Wengi wao walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, na ndiyo maana sikukuu ni tarehe hiyo. Papa Paulo VI aliwatangaza wale Wakatoliki kuwa watakatifu mwaka 1964, na mwaka 1969 akaja mwenyewe Uganda. Hayo utayasikia kila mahubiri. Jambo ambalo mahubiri mengi hupita juu yake ni kwamba mashahidi wenyewe walitembea. Walitolewa Munyonyo, kando ya ziwa, wakiwa wamefungwa kamba na minyororo, wakapelekwa Namugongo kwa miguu. Gonzaga Gonza hakufika. Minyororo ilikuwa imemla vifundo vya miguu hata akashindwa kuendelea, wakamwulia njiani. Na Karoli Lwanga, kiongozi wao, alichomwa peke yake kwa moto wa polepole ulioanzia kwenye nyayo. Mwenzangu, siku malengelenge yatakapokuuma, hutakosa mtu wa kuzungumza naye.

Sasa tuanze na mwili.

Kutoka mpaka wa Busia hadi Namugongo ni karibu kilomita 200 kwa barabara kuu. Wako wanaotoka mbali zaidi, ndani kabisa ya Kenya au Tanzania, na wako wanaoanzia Jinja, ambako hubaki chini ya kilomita 80. Sisi huondoka tarehe 25 Mei na kuingia tarehe 1 Juni. Hizo ni siku nane za kilomita 25 kila moja. Kutembea kilomita 25 siku moja si ajabu. Kazi ni kuamka kesho yake na kuzitembea tena, na kesho kutwa tena, kwa miguu ileile.

Anza mwanzoni mwa Machi, wiki kumi na mbili kabla. Siku mbili katikati ya wiki tembea kilomita tano, na Jumamosi nenda mbali zaidi: anza na nane, ongeza mbili kila wiki, kisha kila wiki ya nne punguza ili mwili ujijenge. Mwishoni mwa Aprili anza kuunganisha Jumamosi na Jumapili. Hapo ndipo utakapojijua. Yeyote anaweza kujisifu Jumamosi jioni, lakini anayetoka tena Jumapili baada ya misa, mapaja yakiwa yamekaza, huyo anajiandaa kweli. Mazoezi makubwa kabisa yawe wiki mbili kabla ya safari: kilomita 25 leo, 20 kesho. Baada ya hapo punguza, na wiki ya mwisho tembea kidogo tu, ule, ulale. Kuna watu hufanya mazoezi kwa hofu hadi jana yake, wakafika mpakani wamechoka tayari.

Fanya mazoezi kwenye lami, kwa kuwa utakanyaga lami, na ubebe mzigo utakaoubeba. (Mama anayetembeza mboga kila siku hana haja ya mpango huu. Amekwisha kutupita sote, asijisumbue.)

Viatu nitavikalia kidogo, maana hapo ndipo safari nyingi hufia. Nunua mapema, jioni, mguu ukiwa umevimba kwa shughuli za siku, na uchague namba moja zaidi ya unayovaa kawaida. Siku ya nne ya safari mguu wako si ule ulioondoka nao. Kidole kirefu kabisa kikigusa mbele dukani, ukucha wake utakufa kwenye mteremko. Kiatu kiwe kimetembea angalau kilomita mia moja nawe kabla ya kuvuka mpaka. Soksi za pamba tupu ziache nyumbani, hunywa jasho na kulishikilia. Tafuta za sufu nyepesi au zile za wanariadha. Beba jozi tatu. Kila unapopumzika mchana vua viatu, anika miguu juani, badili soksi, na zile zenye jasho zifunge kwa pini nje ya begi zikauke ukitembea. Kucha kata wiki moja kabla, moja kwa moja, usizizungushe pembeni. Asubuhi paka mafuta ya mgando katikati ya vidole, kwenye visigino, na mapajani pia, kwa sababu ngozi inayosuguana kilomita 25 huchubuka kuliko unavyodhani na hakuna atakayekuambia hili kanisani.

Hapa sasa narudi kwenye kusimama. Lengelenge huanza kama joto. Unahisi sehemu moja ya mguu ina moto kuliko nyingine, kama umekanyaga jivu. Wakati huo una dakika kumi. Simama, hata kama kundi linaondoka, hata kama padre mwenyewe ndiye anaongoza litania. Vua, kausha, toa kichanga kilichoingia, bandika plasta ya kitambaa ile inayoshika vizuri, laini bila mkunjo, vaa. Dakika tano za kusimama hukuokolea siku tano. Ukichelewa na lengelenge likajaa maji, likiwa dogo liache na ulifunike. Likiwa kubwa mahali unapokanyagia, osha kwa sabuni, choma pembeni kwa sindano safi iliyopitishwa motoni, kamua taratibu, na ngozi ya juu usiibandue kamwe: hiyo ndiyo bandeji aliyokupa Mungu. Mwenye kisukari asijitoboe. Aende kwa mwuguzi.

Mwenye presha, kisukari, pumu au moyo amwone daktari tangu Machi, aseme wazi kwamba atatembea siku nane. Dawa zake azibebe mwilini, sio kwenye gari la mizigo. Nimeliona gari hilo likipotea kwa saa sita. Na dawa za maumivu zisiwe peremende. Kumeza kila asubuhi huku hunywi maji ya kutosha ni kuzionea figo. Goti likiuma hadi unabadilisha namna ya kutembea, goti linakuambia panda gari. Panda. Nia yako haitafutwa kwa sababu ulipanda pikapu kati ya Iganga na Jinja, yangu haikufutwa.

Maji kunywa kidogo kidogo tangu alfajiri. Mkojo ukiwa na rangi ya chai umechelewa. Ukitoka jasho jingi au tumbo likiharibika, lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, vitakurudisha. Kuhusu kufunga, najua baadhi yetu huapa kutembea kwa mkate na maji. Mimi nasema usifunge chakula njiani. Ukizimia, watu wanne wataacha sala zao ili wakubebe, na sijui hiyo ni sadaka ya nani. Kama lazima ufunge kitu, funga simu. Kula viazi, matoke, maharagwe, ugali ambao wenyeji huuita posho. Nyama ya kuchoma ya barabarani iache hadi karibu na mwisho, na ukifika Namawojjolo, kabla ya Mukono, ambako vijana hukimbilia magari na mishikaki ya kuku na ndizi za gonja zilizochomwa, hapo mimi huwa nasimama bila kushawishiwa na mtu.

Barabara yenyewe iogope. Ndiyo njia ya malori mengi yaendayo Kampala na mbele hadi Rwanda na Kongo. Uganda magari hupita kushoto, kwa hiyo mtembee kulia, msururu mmoja, mkitazamana na yanayokuja. Ondokeni kukipambazuka, si usiku. Kundi letu hulenga kufika saa saba au saa nane mchana, kwa sababu mwezi Mei mvua kubwa hupenda kuja alasiri, na lori likipita kwenye dimbwi huna pa kukimbilia. Mkifika msitu wa Mabira, kati ya Jinja na Lugazi, barabara hubanwa na miti pande zote mbili. Huko hakuna nyimbo wala spika. Tunatembea tukisikiliza injini. Kwenye daraja la Nile pale Jinja, lile jipya la mwaka 2018, msisimame kupiga picha. Askari hawapendi, na kuvuka mto ule mkisali kimya kunatosha.

Karatasi hazitakusumbua ukiziandaa. Mkenya hupita kwa kitambulisho cha taifa, lakini apitie ofisini agongewe, asifuate njia za panya eti kwa sababu kila mtu wa Busia huzifuata. Mtanzania abebe pasipoti au hati ya dharura. Wote muwe na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, mliyochanjwa siku kumi au zaidi kabla. Badilisheni pesa kidogo mpakani, noti ndogo ndogo. Beba chandarua chepesi, kwa maana mtalala kwenye madarasa na kumbi za parokia, na mbu wa kando ya Nile hawajui kwamba wewe ni hujaji. Kina mama, leso ya ziada ni mlango wa choo, shuka, kivuli na taulo. Beba mbili.

Na lugha? Kiswahili kitakusaidia Busia na miji ya mpakani. Ukishavuka Jinja unaingia Buganda, na huko, hasa kwa wazee, Kiswahili bado kinanuka jeshi na miaka mibaya. Usianze kuuliza njia kabla ya kusalimu. Simama, sema "Oli otya, ssebo" kwa mwanamume au "nnyabo" kwa mwanamke, piga magoti kidogo kama wewe ni msichana na huyo ni mzee, hata kama kwenu hamfanyi hivyo. Ukipewa maji, sema "webale". Watoto wakipiga kelele "abalamazi!" ni ninyi wanaitwa: mahujaji. Mama mmoja karibu na Lugazi, kwenye mashamba ya miwa, alituwekea beseni la maji ya vuguvugu barazani atuoshe miguu. Mimi niliona haya, nikasema nitaosha mwenyewe. Akanishika mguu kwa nguvu kama anavyoshikwa mtoto asiyetaka kuoga. Kupokea nako kunahitaji mazoezi, na sikuwa nimeyafanya.

Hapo tumeshaingia rohoni bila kubisha hodi.

Watu huuliza wasali nini njiani, kana kwamba roho inaanza kazi mpakani. Anza pamoja na miguu, tena kalenda yenyewe inakusaidia: Machi na Aprili ziko ndani au jirani ya Kwaresima na Pasaka, na novena ya mashahidi huanza tarehe 25 Mei, siku ileile tunayoondoka. Siku nane za kutembea na moja ya kupumzika, novena imetimia. Kabla ya hapo kuna kazi mbili zisizopendeza. Ya kwanza ni kitubio, kile cha kukaa chini na kuchambua, si kile cha foleni ya mkesha wa Krismasi. Ya pili ni madeni. Lipa unachodaiwa, au umwendee unayedaiwa naye umwambie lini utalipa. Kama kuna ndugu ambaye hamsemezani, mpigie. Nimewaona watu wakisali vizuri sana hadi siku ya pili, kisha jambo waliloliacha nyumbani likawapata barabarani, kwenye ule ukimya wa saa tano asubuhi ambao hauna redio.

Kwa hiyo zoea ukimya huo. Katika matembezi yako ya kila wiki, moja lifanye bila simu, bila nyimbo, bila mwenzako. Mara ya kwanza utachoka kwa udhia, sio kwa miguu. Kichwa kitakuletea bei ya unga, maneno ya bosi, wimbo wa tangazo. Iache akili ipige kelele zake. Rozari nzima ya mafumbo matano, kwa mwendo wangu, ni kama kilomita moja na nusu. Nilipogundua hilo niliacha kuuliza "bado kilomita ngapi?" Nilihesabu rozari, na nikichoka kusali nilihesabu nguzo za umeme, na sidhani mbingu ilikasirika.

Nia zako ziandike. Mimi hupita kwenye jumuiya yetu ndogo ndogo na daftari la shule, kila nyumba inaniambia inaloomba, naandika neno kwa neno. Wapo wanaoomba kazi, wapo wanaoomba mtoto. Bibi mmoja jirani alinivuta kando, akanong'ona: "Niombee nisimchukie mkaza mwana wangu. Lakini usiliandike jina lake, anajua kusoma." Kila asubuhi nilifungua ukurasa mmoja, na siku hiyo ilikuwa ya watu wa ukurasa huo. Daftari hilo limenitembeza nilipokuwa sina sababu yangu mwenyewe ya kuendelea.

Kwa sababu siku ya tatu itakuja. Huja kwa kila mtu, na huja kama hasira. Utamchukia anayeimba nje ya sauti, anayekoroma, yule ambaye kila mara "anasahau" kuchota maji. Utajiuliza nani alikudanganya uje. Usishangae wala usijione mkosefu mkubwa. Kula kitu, kunywa maji, kisha nenda utembee na mtu huyohuyo unayemchukia kwa nusu saa. Usimhubirie. Muulize watoto wake wanasoma wapi. Mwaka mmoja nilifanya hivyo na yule mwenye kukoroma, nikakuta anatembea kwa ajili ya mume aliyelala kitandani miaka sita. Usiku bado alikoroma, ila nililala.

Kufika nako kujiandalie. Ukiingia tarehe 1 au 2 Juni utakuta umati ambao huwezi kuuona mwisho wake, watu wamelala chini kwenye nyasi, wengine wanachota maji ya bwawa la hapo kwenye vidumu wapeleke nyumbani. Basilika la Wakatoliki limejengwa kwa umbo la nyumba ya Kiganda, na nguzo zake 22 ni kwa idadi ya wale mashahidi Wakatoliki. Misa ya tarehe 3 huwa nje, altare ikiwa kwenye kisiwa katikati ya bwawa. Huenda usione kitu ila migongo. Kubalianeni mahali pa kukutania kabla ya kuingia, maana mtandao wa simu hulemewa, na pesa ziwe shingoni ndani ya nguo, kwa kuwa wezi nao huhiji. Tenga saa moja ya kwenda kwenye eneo la Waanglikana, si mbali. Waliuawa pamoja.

Usitegemee kulia machozi. Wengine hulia, mimi mara mbili kati ya nne nilihisi njaa tu, na nilisoma daftari langu lote kwa sauti ya chini, ukurasa kwa ukurasa, nikiwa nimevua viatu. Ilichukua karibu saa nzima. Nilipofika kwa bibi yule nilitaja jina la mkaza mwana, kwa kuwa hapo hakuna aliyekuwa akimsikiliza mtu mwingine.

Kurudi ni kwa basi. Simama kila linaposimama, nyoosha miguu, maana miguu iliyozoea kutembea siku nane huvimba ikikalishwa ghafla. Nyumbani pita nyumba zote zilizokupa nia, kabla hujalala siku mbili mfululizo kama nilivyofanya mimi mwaka wa kwanza. Na kidole gumba changu cha kulia, ambacho kiligonga mbele ya kiatu kwenye mteremko wa mwisho kwa sababu nilipuuza kukaza kamba, kilibaki na ukucha mweusi hadi katikati ya Julai. Ulidondoka jikoni, nikichambua sukuma wiki, na mwanangu akauliza kama ile ni dhambi inatoka.